Mwenye shoto si winga wa kushoto: istilahi ya michezo na matumizi yake katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoifikia idara yetu kutoka kwa walimu wa Kiswahili, lipo moja ambalo huonekana dogo lakini halijibiki kwa neno moja. Mwalimu anasoma habari za ngumi katika Kiingereza, anakutana na neno "southpaw", kisha anauliza: kwa Kiswahili tunasemaje? Wengine hujibu "mkono wa kushoto" na kuendelea na kazi. Wengine hulifuata neno kipande kwa kipande, wakaishia kwenye "mguu wa kusini" au "mkono wa kusini", jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulielewa hata kidogo.

Katika makala haya tunajaribu kulieleza neno hilo, asili yake na maana zake, na kuonyesha maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari. Mifano yetu tumeielekeza kwa mwanafunzi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, yaani kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na mdomo wa mto Ruvuma. Mwanafunzi huyo huishi kati ya lugha kadhaa kwa wakati mmoja: Kimwani au Kimakwe nyumbani, Kireno shuleni, na Kiswahili sokoni, baharini na redioni. Tutaona kwamba katika jambo hili wingi wa lugha haumpotezi. Unampa faida ambayo mwanafunzi wa lugha moja hana.

1. Kusini kunatoka wapi?

Neno la Kiingereza limeundwa kwa maneno mawili: moja lina maana ya kusini, na la pili lina maana ya wayo wa mnyama, ambalo katika mazungumzo ya utani hutumika kwa mkono wa mtu. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni ya mchezo wa besiboli wa Marekani. Inasemekana viwanja vilipangwa ili mpigaji aangalie mashariki, asipigwe na jua la alasiri machoni. Hivyo mrushaji aliyesimama mbele yake aliangalia magharibi, na mkono wake wa kushoto ukawa upande wa kusini.

Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayatoshi. Neno hilo linapatikana katika katuni ya kisiasa ya Marekani ya mwaka 1848, na pale lina maana ya pigo la ngumi ya mkono wa kushoto, wala hakuna besiboli inayozungumzwa. Hili ni funzo zuri kwa wanafunzi wa etimolojia: hadithi inayoeleza neno vizuri sana si lazima iwe ndiyo iliyolizaa.

Hata hivyo hadithi hiyo ina jambo la kufundisha. Kushoto huwa kusini kwa yule tu anayeangalia magharibi. Akigeuka, dira nayo inageuka. Waarabu wa kale walihesabu pande kwa kuangalia mashariki, jua linakochomoza. Kwao mkono wa kulia ukawa kusini na wa kushoto ukawa kaskazini. Ndiyo maana katika Kiarabu neno la kushoto na neno la kaskazini ni ya mzizi mmoja, na jina la Yemen lililo kusini huhusishwa na mkono wa kulia, ilhali Shamu iliyo kaskazini huhusishwa na mkono wa kushoto. Kiswahili kimepokea sehemu ya urithi huo: tuna "yamini", yenye maana ya mkono wa kulia na pia kiapo, kama tunavyosema "kula yamini", na tuna "shemali", ambalo limetumika kwa kaskazini na upepo wake, na pia kwa upande wa kushoto.

Sasa tumsimamishe mvuvi wa Palma ufukweni, uso wake ukiwa baharini. Mbele yake ni mashariki. Mkono wake wa kushoto unaelekea Ruvuma na Mtwara, upande unakotoka kaskazi. Mkono wake wa kulia unaelekea Mocímboa da Praia, Ibo na Pemba, upande unakotoka kusi. Kwa mtu huyu, kushoto ni kaskazini. Tukimwambia kwamba bondia fulani ana "mkono wa kusini", na akilichukua neno kwa dira yake mwenyewe, ataelewa kwamba tunazungumzia mkono wa kulia. Tafsiri ya neno kwa neno haikosi ufasaha peke yake. Katika pwani hii inageuza maana kabisa.

2. Maneno yetu wenyewe

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Mzizi wetu ni "shoto". Kutokana nao tunapata "kushoto", yaani upande, kwa kiambishi cha mahali ku-. Tunapata pia usemi "ana shoto", yaani kwa maumbile hutumia zaidi mkono wa kushoto, na "mwenye shoto", mtu wa namna hiyo. Lipo pia neno "mashoto" kwa mtu huyohuyo. Walimu waangalie upatanisho wa kisarufi: ingawa neno lina umbo la ma-, likitajwa mtu hufuata upatanisho wa viumbe hai. Tunasema "mashoto huyu anapiga vizuri" na "mashoto hawa wanapiga vizuri", kama tunavyosema "karani huyu" na si "karani hili".

Upande wa pili wa mwili nao una historia yake. "Mkono wa kulia" ni mkono wa kulia chakula. Ni kitenzi "kula" katika kauli ya kutendea. Hakihusiani na kulia kwa machozi. Maana hii si ya Kiswahili peke yake. Kikuyu husema mkono wa "ũrĩo", Kiganda husema mkono wa "ddyo", na Kishona husema "rudyi", na yote hayo yanatokana na kitenzi cha kula katika lugha hizo. Kwa hiyo Wabantu wengi wameutaja mkono wa kulia kwa kazi yake. Pia katika Kiswahili cha zamani, na katika tafsiri ya Biblia, tunakutana na "mkono wa kuume", na wenzi wake "mkono wa kike" kwa wa kushoto. Hapa mikono imepangwa kama watu walivyopangwa katika jamii, na mwanafunzi anayesoma maandishi ya kale hana budi kulijua hilo.

Kireno, ambacho mwanafunzi wa Cabo Delgado anakisoma shuleni, kina maneno mawili yanayohitaji kutofautishwa. "Canhoto" ni mtu atumiaye mkono wa kushoto, lakini neno hilo lina kivuli: katika lugha ya watu limetumika pia kumtaja Shetani, na wapo wanaotamka "cruzes, canhoto!" ili kuepusha balaa. "Esquerdino" ni neno linalosikika zaidi katika michezo, hasa kwa mchezaji wa soka mwenye mguu wa kushoto, na halina kivuli hicho. Uwanjani mtoto anasifiwa kwa neno moja. Nyumbani au darasani huenda akakemewa kwa lile jingine.

3. Mambo matatu yasichanganywe

Kosa kubwa la watangazaji, waandishi na hata walimu ni kuchukua mambo matatu tofauti na kuyaita kwa jina moja. Tunapendekeza yatenganishwe hivi.

(a) Upande. Hii ni nafasi uwanjani. "Beki wa kushoto", "winga wa kushoto", au kwa namba za jadi, namba 3 na namba 11. Kireno husema "lateral esquerdo" na "extremo esquerdo". Hapa hatusemi lolote juu ya mguu wa mchezaji. Tunasema mahali alipopangwa na kocha.

(b) Maumbile. Huyu ni mchezaji ambaye mguu au mkono wake wa nguvu ni wa kushoto: "mwenye shoto", "mashoto", au kwa soka "mwenye mguu wa kushoto". Kireno husema "esquerdino". Mfano ulio wazi ni Mohamed Salah wa Misri, aliyejiunga na Liverpool mwaka 2017. Amejulikana kama winga wa kulia, lakini mguu wake wa nguvu ni wa kushoto. Ndiyo maana huingia ndani kutoka pembeni na kupiga. Mtangazaji akisema "mchezaji wa kushoto" juu ya Salah, msikilizaji aliye redioni, asiyeuona uwanja, atamweka upande usio wake. Akisema "winga wa kulia mwenye mguu wa kushoto", picha inakamilika.

(c) Msimamo. Hili ndilo jambo ambalo neno la Kiingereza hubeba katika ngumi. Katika msimamo wa kawaida, bondia hutanguliza mguu wa kushoto na ngumi ya kushoto, na ngumi ya kulia, iliyo nzito, hubaki nyuma. Katika msimamo wa shoto mambo hugeuka: mguu na ngumi ya kulia hutangulia, na konde zito la kushoto husubiri nyuma. Msimamo ni kitu cha kufundishwa. Manny Pacquiao wa Ufilipino hutumia mkono wa kulia katika shughuli zake za kawaida, lakini ulingoni alisimama shoto. Oscar De La Hoya wa Marekani ni mwenye shoto kwa maumbile, lakini alipigana kwa msimamo wa kawaida. Kwa hiyo "Pacquiao ni mashoto" si sahihi. Sahihi ni "Pacquiao hupigana kwa msimamo wa shoto". Hali kama hiyo iko katika tenisi: Rafael Nadal alishika raketi kwa kushoto lakini huandika kwa kulia.

Mwanafunzi wa Palma anayejua tofauti ya "esquerdo" na "esquerdino" tayari amekwisha kushika tofauti ya (a) na (b). Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kumwonyesha kwamba lugha yetu nayo inatenganisha: "-a kushoto" kwa upande, "mwenye shoto" kwa mtu. Linalobaki kumfundisha ni (c) tu.

4. Kwa nini michezo inawapenda wenye shoto

Karibu mtu 1 kati ya 10 duniani ni mwenye shoto. Uchache huo ndio silaha yao. Bondia wa kawaida hufanya mazoezi mwaka mzima na wenzake wa kawaida. Siku akikutana na mwenye msimamo wa shoto, makonde yanatoka upande asiouzoea na miguu ya mbele inagongana. Mwenye shoto, kwa upande wake, amewazoea wa kawaida kwa sababu ndio wengi. Ugeni wa mmoja ni mazoea ya mwingine.

Afrika Mashariki imeshuhudia hayo. Ayub Kalule, mzaliwa wa Kampala na bondia wa msimamo wa shoto, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974. Mwezi Oktoba 1979 alimshinda Masashi Kudo huko Akita, Japani, na kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Hakuwa amepoteza pambano lolote la kulipwa mpaka tarehe 25 Juni 1981, alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston na kusimamishwa katika raundi ya 9. Mwaka huohuo wa 1981 mzaliwa mwingine wa Uganda, Cornelius Boza-Edwards, naye wa msimamo wa shoto, alishika mkanda wa dunia wa WBC. Mabingwa wawili wa dunia, nchi moja, mwaka mmoja, na wote shoto.

Kwenye kriketi tunaye Asif Karim, mtu wa Mombasa, aliyekuwa akirusha mpira kwa mkono wa kushoto. Tarehe 15 Machi 2003 mjini Durban, katika Kombe la Dunia, alirusha dhidi ya Australia iliyokuwa timu kali kuliko zote, akawatoa wapigaji 3 kwa mikimbio 7 tu. Kenya ilishindwa mchezo huo, lakini tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwake.

Tukiwa darasani tunaweza kuuliza: watu hawa wangefika wapi kama mkono wao ungefungwa utotoni?

5. Mkono wa adabu na mkono wa kazi

Swali hilo si la mchezo. Katika pwani yote ya Waswahili, na Cabo Delgado ikiwemo, mkono wa kulia ndio wa kula, kusalimia, kutoa na kupokea, na wa kushoto ni wa kujitwaharishia. Dini imeipa desturi hii uzito, na hatuna nia ya kuipuuza. Mtoto anapaswa kuijua, kwani atakayempa mzee kitu kwa mkono wa kushoto bila kusema "samahani" ataonekana hakulelewa.

Lakini hiyo ni kanuni ya adabu, na adabu ina mipaka yake. Haimhusu mtoto anayeshika kalamu, anayepiga mpira, anayeshona nyavu au anayeshika kafi. Mtoto mwenye shoto anaweza kufundishwa kula kwa mkono wa kulia na bado akaachwa aandike kwa wa kushoto. Hakuna mgongano. Katika darasa la wanafunzi 50, tutegemee kama 5 hivi wa namna hiyo. Wakilazimishwa kubadili mkono, hao hujifunza kwanza kwamba wana kasoro, ndipo wajifunze herufi.

Hapa ndipo uteuzi wa neno unapokuwa na uzito. Mtoto anayeitwa "canhoto" kwa sauti ya kukemea, na mtoto anayeambiwa "wewe una shoto, kama Kalule", wamepewa majina mawili ya jambo moja, lakini kila jina linamwelekeza mahali tofauti.

Pwani hii imepata majaribu makubwa. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na yale ya Palma ya mwezi Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wameyahama makazi yao, na watoto wa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakua wamejikuta katika madarasa na viwanja vya pamoja. Askari wa Rwanda walipofika Julai 2021, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha walizotumia kuzungumza na wenyeji. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kinabeba kazi mpya, na uwanja wa mpira ni mahali ambapo watoto hujifunza maneno upesi kuliko darasani. Mwalimu anayeingia uwanjani na maneno sahihi anafundisha lugha na heshima kwa wakati mmoja.

6. Mazoezi ya darasani

Walimu wanaweza kuyatumia mazoezi yafuatayo.

(i) Sahihisha: "Bondia mwenye mkono wa kusini alishinda raundi ya tatu." (Tegemeo: "Bondia mwenye msimamo wa shoto...")

(ii) Eleza tofauti: "Kocha anatafuta beki wa kushoto" na "Kocha anatafuta beki mwenye mguu wa kushoto". Je, mchezaji mmoja anaweza kukidhi sentensi zote mbili? Je, anaweza kukidhi moja tu?

(iii) Andika kwa wingi: "Mashoto huyu amefunga bao."

(iv) Wanafunzi wasimame wakiangalia bahari, kisha wageuke waangalie bara. Kila mara waseme: kaskazini iko mkono gani? Kisha wajadili kwa nini jina la mkono lisitokane na dira.

(v) Kila mwanafunzi aulize nyumbani lugha yake ya kwanza inauitaje mkono wa kushoto na mtu anayeutumia. Majina hayo yaandikwe ubaoni, na darasa lijadili lipi linataja upande, lipi linataja mtu, na lipi lina kivuli cha dharau.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno la Kiingereza tulilouliziwa halina neno moja la kulingana nalo katika Kiswahili, kwa sababu lenyewe huchanganya mambo ambayo lugha yetu inaweza kuyatenga: upande, maumbile na msimamo. Mapendekezo yetu ni haya: "wa kushoto" kwa nafasi, "mwenye shoto" au "mashoto" kwa mtu, na "msimamo wa shoto" kwa ngumi. "Kusini" iachiwe upepo wa kusi.

Majibu ya zoezi la (v), hasa kutoka kwa walimu wa Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga na Ibo, tutayapokea kwa furaha. Istilahi za michezo hukua kwa kutumiwa na watu wengi, nasi tungependa zile za pwani hii ziingie katika mafunzo yetu kama zinavyotamkwa na wenyewe.